Kondoa au Mtera? Barabara mbili za kutoka Dodoma kwa wawili wenye baiskeli

Wanandoa wanaotaka kusafiri mbali kwa baiskeli katikati ya Tanzania wana barabara mbili zinazofaa kweli. Moja inakwenda kaskazini: Dodoma, Kondoa, Babati, kilomita 251. Nyingine inateremka kusini: Dodoma, Mtera, Iringa, takriban kilomita 260. Zote zina lami mwanzo hadi mwisho, na zote ni vipande vya ile njia ndefu iliyokusudiwa kuunganisha Cape Town na Cairo. Ukizitazama kwenye ramani unaweza kusema ni ndugu pacha. Ukizipanda utaona kila moja ina tabia yake, na watu wawili wanaozipita pamoja watazikumbuka kwa mambo tofauti kabisa.

Mimi na mume wangu tumezipita zote mbili, pamoja na kipande cha kwenda Manyoni. Yeye alikulia kwenye baiskeli, alikuwa akibeba madumu ya maji tangu akiwa mvulana. Mimi nilijifunza ukubwani. Kwa hiyo ninapolinganisha hapa, nalinganisha kwa macho ya yule mwenye pumzi fupi, na ninaamini kabisa kwamba ndivyo inavyopasa. Safari ya wawili haipimwi kwa jumla ya kilomita wala kwa wastani wa mwendo. Inapimwa kwa siku moja, ile iliyo ngumu kuliko zote, na kwa mtu mmoja, yule atakayeisikia zaidi. Ukishajua siku hiyo iko wapi kwenye kila barabara, uchaguzi unakuwa mwepesi.

Siku ngumu iko wapi

Mji wa Dodoma uko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi kidogo ya mita 1,100. Ukienda kusini unashuka. Baada ya Fufu barabara inaachana na uwanda wa juu na kuingia bonde la Ruaha Mkuu, na ukifika bwawa la Mtera uko kwenye mita 700 hivi. Mteremko huo ni mtamu, na ndio unaowadanganya watu. Mbele yako kuna Iringa, mji ulio juu ya mita 1,500, na kati ya bwawa na mji huo kuna mlima Nyang'oro. Kwa maneno mengine, unapoteza mita 400 bure halafu unadaiwa zaidi ya 800. Deni hilo unalilipa baada ya usiku wa joto kando ya bwawa, miguu ikiwa imechoka, na sehemu kubwa ya kupanda imebanwa katika kona za Nyang'oro. Anayeendesha baiskeli isiyo na gia atateremka na kusukuma. Kusukuma si aibu, lakini kusukuma na mzigo saa sita mchana bonde likiwaka chini yako ni jambo ambalo mtu anapaswa kulichagua akijua.

Kaskazini mambo ni ya taratibu. Kutoka Dodoma hadi Mayamaya, kilomita 43 na ushei, barabara inapanda na kushuka bila kukukomoa. Kuelekea Haneti unakutana na milima ya Chenene na unaanza kuhisi mapaja. Kisha uwanda unafunguka tena kupitia Chemba hadi Kondoa, ambako uko juu kuliko Dodoma na hewa ni ya baridi zaidi. Kipande kigumu ni kile cha baada ya Kolo, kupanda kuelekea Bereko kabla ya kuteremka kwenda Bonga na Babati. Ni kigumu, sikifichi. Lakini kinakuja baada ya kupata mji wa kupumzika, chakula cha kutosha na, kama mtafuata ushauri wangu, siku nzima ya kutembea kwa miguu Kolo. Mtu anakipanda akiwa amelala vizuri. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya Bereko na Nyang'oro, kuliko hata urefu wa mlima wenyewe.

Upepo unataka uende kaskazini

Hili ni jambo ambalo watu wachache wanaliuliza kabla ya kuondoka, na kila mtu analizungumzia baada ya kurudi. Msimu wa kiangazi, kuanzia Mei hadi Oktoba, upepo wa Dodoma unatoka mashariki na kusini mashariki, na kuanzia Agosti unakuwa mkali. Asubuhi na mapema hewa imetulia. Kufikia saa nne upepo umeamka, na mchana kutwa hauna huruma.

Sasa tazama. Iringa, Dodoma, Kondoa na Babati ziko karibu kwenye mstari mmoja wa kusini-kaskazini. Ukielekea kaskazini, upepo wa kusini mashariki unakusukuma begani. Ukielekea kusini, huo huo unakupiga usoni kwa pembeni, na kila kilomita inahesabika mara moja na nusu miguuni.

Kuna na suala la usalama. Sisi tunaendesha upande wa kushoto. Ukielekea kaskazini, mashariki iko kulia kwako, kwa hiyo upepo unakusukumia nje ya lami, kwenye vumbi, mbali na magari. Ukielekea kusini, mashariki iko kushoto, na upepo unakusukumia katikati ya barabara. Hata ukiwa unaelekea kaskazini usijisahau: lori likikupita linakukinga upepo kwa sekunde moja, na kwa kuwa ulikuwa umejilaza kidogo kupambana nao, baiskeli inaingia kulia kuelekea lori lenyewe. Ukisikia mngurumo nyuma, shika usukani kwa mikono miwili na upunguze mwendo, na kama bega la barabara ni zuri, shuka kabisa.

Kwa hiyo barabara zote mbili zipandwe kutoka kusini kwenda kaskazini. Ya Kondoa inaanzia Dodoma yenyewe, ni rahisi. Ya Mtera ninashauri kwa nguvu zangu zote igeuzwe: pakieni baiskeli kwenye basi hadi Iringa, lala usiku mmoja, kisha rudini nyumbani kwa miguu yenu. Mkifanya hivyo Nyang'oro unakuwa mteremko wa asubuhi badala ya mpando wa mchana, upepo unakuwa upande wenu, na kinachobaki ni kupanda mita 400 kutoka Mtera hadi Dodoma, zilizogawanywa katika siku mbili au tatu, sehemu ngumu zaidi ikiwa pale Fufu. Barabara ni ile ile, lakini safari ni nyingine.

Kuhusu breki kwenye mteremko wa Nyang'oro: baiskeli yenye mzigo inashika kasi haraka kuliko unavyotegemea. Bana na uachie, bana na uachie, usibane moja kwa moja hadi rimu ishike moto. Na yule mzito zaidi atangulie, ili asimkaribie mwenzake kwa nyuma.

Maji, chakula na pa kulala

Hapa Kondoa inashinda bila ubishi. Vijiji vya barabarani vimekaribiana, kuna migahawa ya mama ntilie Mayamaya, Haneti, Chemba, na Kondoa ni mji kamili wenye soko, hospitali, mafundi na gesti za kuchagua. Unaweza kupanga siku za kilomita 50 hadi 70 bila kulazimika kulala porini, isipokuwa kama mnapenda. Barabara ya Mtera ina vipande virefu vya vichaka na mibuyu ambapo unaona mbuzi wengi kuliko watu. Pale bwawani na kijijini Migori kuna vyumba, kwa sababu wafanyabiashara wa samaki wanahitaji kulala, lakini kati ya vituo hivyo ni lazima mjitosheleze.

Kiasi cha maji: katika bonde la Mtera, mimi nahesabu lita sita kwa mtu mmoja kwa siku ya kuendesha, na jioni nyingine za kupikia na kunawa. Kaskazini, mwezi wa Juni au Julai, lita nne zinanitosha. Visima vingi vya Ugogo vina maji ya chumvichumvi. Yanazima kiu lakini tumbo lisiloyazoea linalalamika, hivyo ukikuta maji ya bomba yaliyo matamu jaza kila chombo, usisubiri kijiji kinachofuata.

Chakula cha njiani kiko vizuri pande zote. Ugali wa uwele au mtama na mlenda unakaa tumboni kuliko wali, na mwendesha baiskeli atauthamini kufikia saa tisa. Ubuyu na karanga ni akiba ya mfukoni. Mtera kuna perege na kambale wabichi, na sijala samaki mzuri kama wa pale, umbali wote huo kutoka baharini. Kondoa nyama na chapati. Mkipita Dodoma Agosti au Septemba mtakuta zabibu zikiuzwa kwa ndoo. Chukueni za asubuhi ya kwanza tu, haziwezi joto la begi.

Wanaotaka kulala kwenye hema wafuate utaratibu ule ule kote: ukifika kijijini usijifiche, nenda moja kwa moja kwa mwenyekiti au mtendaji wa kijiji. Sema mnatoka wapi, mnakwenda wapi, kwamba ni mke na mume, kwamba mnaomba eneo salama la kulala usiku mmoja. Andikeni majina kwenye kitabu cha wageni. Mara nyingi mtaonyeshwa kiwanja cha shule, ua wa kanisa au msikiti, au uwanja wa mzee mwenyewe. Tukiwa wawili tulipokelewa kwa namna ambayo mume wangu akiwa peke yake hakuwahi kupokelewa. Mwanamke akiwepo, akina mama wanakuja, wanauliza, wanacheka, mmoja anasema "karibu mwanangu, ukaoge kwangu," na unajikuta na maji ya moto uani. Ugogoni anza na "mbukwenyi" na tabasamu. Kwa wazee shikamoo haichoki.

Kwa wanawake wanaosoma hapa: beba kitenge au khanga mbili mahali pa karibu, si chini ya begi. Suruali ya baiskeli ni nzuri barabarani, lakini ukiingia kijijini jifunge. Wilaya ya Kondoa ina Waislamu wengi, na heshima hiyo ndogo inafungua milango. Khanga ile ile ni bafu, ni pazia la choo cha nje, ni shuka. Na kama siku zako zinaangukia ndani ya safari, ipangeni siku ya mapumziko kwenye mji wenye maji. Kondoa inafaa kwa hilo, Mtera haifai.

Kinachoonekana

Nimeanza na milima na maji kwa sababu bila hivyo hakuna kinachofurahisha. Lakini hamwendi ili mkanywe maji.

Kolo peke yake ingetosha kunifanya niichague kaskazini. Iko mbele ya mji wa Kondoa, barabarani kabisa, na milima inayoizunguka ina michoro ya miambani ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Eneo lote lina kilomita za mraba 2,336, na mapango na miamba yenye michoro ni zaidi ya 150. Mnaripoti ofisi ya mambo ya kale, mnalipa kiingilio, mnapewa mwongozaji. Michoro yenyewe haiko barabarani. Inabidi muache lami, muende njia ya vumbi, kisha mpande kwa miguu, ndiyo maana nasema tengeni siku nzima na muache mizigo kijijini. Utaona watu warefu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu, pofu, twiga, na juu yao michoro mingine ya rangi nyeupe iliyokuja baadaye. Mary Leakey alifanya kazi ya kuinakili mwaka 1951. Kilichonigusa zaidi ni kwamba mahali pale hapajafa: wenyeji bado wanapanda kwenda kutambika, kuomba mvua na uponyaji. Unasimama mbele ya mwamba ambao una kazi mpaka leo. Nyamazeni mkiwa pale, na msiguse mwamba hata kwa kidole.

Kuzunguka Kondoa mtaona pia makorongo makubwa ya udongo mwekundu, mengine yanaweza kumeza nyumba. Mmomonyoko ulikuwa mbaya kiasi kwamba serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika zaidi. Leo sehemu nyingi ni kijani. Mtu akipita kwa gari haoni. Kwa mwendo wa baiskeli unaona miti ilipoanzia na udongo ulipoishia, na mzee yeyote wa makamo atakueleza walikohamishia ng'ombe.

Safari inaishia Babati, na ziwa la Babati lina viboko. Watazameni kutoka mbali.

Mtera ina uzuri wa namna nyingine, wa ukimya na ukubwa. Mibuyu ya bonde lile ni mikubwa kuliko yoyote niliyowahi kulala chini yake, na mwezi wa Julai ikiwa haina majani inaonekana kama mizizi iliyoelekea juu. Bwawa lenyewe lilijengwa kwenye Ruaha Mkuu kwa ajili ya umeme, kituo chake kinazalisha megawati 80, na barabara inapita juu ya ukuta wake. Hapo muulize mlinzi kabla ya kutoa simu kupiga picha. Ndege wa majini ni wengi sana asubuhi. Maji yana mamba na viboko, kwa hiyo kuoga ni bombani tu, hata kama wavuvi wanaonekana wakiingia na kutoka bila wasiwasi. Wao wanalijua bwawa lao.

Kama wote wawili mnapenda kukaa kimya kwa saa nyingi mkitazama mbali, Mtera itawapa hilo kuliko Kondoa. Kama mmoja wenu anahitaji watu, soko na maongezi ili nguvu zirudi, nendeni kaskazini. Kwenye hili sina upande. Ulizaneni kwa ukweli kabla ya kufunga mizigo, kwa sababu kilomita ya 40 bila kijiji si mahali pa kugundua.

Na ya Manyoni?

Watu wananiuliza kwa sababu upepo unaipendelea: ukitoka Dodoma kwenda magharibi kupitia Bahi unasukumwa mgongoni kabisa. Ni kweli, na mashamba ya mpunga ya Bahi yanapendeza. Lakini hiyo ndiyo njia ya malori yanayokwenda Rwanda, Burundi na Kongo, usiku na mchana, na sitampeleka mtu ninayempenda kwenye bega la barabara ile kwa siku tatu. Kutoka Itigi, mbele ya Manyoni, kwenda Rungwa ndiyo kabisa: mbung'o, na pori la akiba lenye simba. Hapo baiskeli haina kazi.

Wanaotaka vumbi na upweke wa kweli watafute njia ya Kwa Mtoro, ukiacha lami upande wa Chemba na kwenda magharibi kwa Wasandawe, watu wenye lugha ya vidoko, sauti za kugonga ulimi, ambayo utasimama tu kuisikiliza. Ni mchanga, kuna mito ya msimu ambayo mtasukuma ndani yake, na hakuna pa kununua tyubu. Iwe safari ya pili au ya tatu, si ya kwanza.

Baiskeli gani

Mjadala ni kati ya Phoenix na baiskeli ya gia ya mtumba, ile yenye magurudumu ya inchi 26.

Phoenix ni chuma. Inabeba mkaa, madumu, mama na mtoto, na keria yake ya nyuma haihitaji kuongezwa kitu. Fundi wa kijiji chochote kati ya Iringa na Babati anaifahamu kwa kuipapasa, na spoki, friwili na mipira ya breki zake zinapatikana dukani pamoja na sabuni. Ubaya wake ni uzito, karibu kilo 20 kabla hujaweka begi, na kwamba ina mwendo mmoja tu. Pale Bereko utashuka, Nyang'oro ukienda kusini utashuka mapema zaidi.

Baiskeli ya gia inakupandisha ukiwa umekaa. Kwangu mimi hiyo ndiyo iliyofanya safari ziwezekane. Lakini zile gia zenyewe, waya na kile kikono cha nyuma kinachohamisha cheni, vikivunjika kati ya Chemba na Kolo hakuna wa kuvirudisha. Fundi atakachoweza ni kukata cheni na kukuacha na gia moja, na inabidi ujue kumwomba afanye hivyo. Beba waya mmoja wa gia na mmoja wa breki, vipande vya cheni, na ujifunze kuvibadilisha nyumbani.

Ninachosisitiza kuliko aina ni hiki: wote wawili wawe na baiskeli za aina moja na magurudumu ya ukubwa mmoja. Nimeona wenzi wengi, mume na Phoenix ya inchi 28, mke na ya gia ya inchi 26, kwa nia njema kabisa. Matokeo yake wanabeba tyubu za aina mbili, spana za aina mbili, na mmoja akiharibikiwa mwenzake hana cha kumwazima. Mkiwa na zinazofanana, pampu ni moja, akiba ni moja, na ikibidi mnang'oa kutoka ya mmoja kumwokoa mwingine. Kwa barabara ya Kondoa, Phoenix mbili zinatosha kama mna subira ya kusukuma. Kwa Iringa kuja Dodoma pia zinafaa, ila breki zake za vyuma zikaguliwe na fundi kabla ya Nyang'oro. Kwa Dodoma kwenda Iringa, gia tu.

Pancha zitakuja, msihesabu kama bahati mbaya. Miiba ya migunga ni mirefu na mbigili imetapakaa kila pembeni ya barabara baada ya mvua kukatika. Msiegemeze baiskeli kwenye majani, zibebeni mkitoka lami kwenda kupumzika. Mkiziba, pitisheni kitambaa ndani ya tairi kabla ya kurudisha tyubu: kitanasa palipobaki ncha ya mwiba, na vidole vyenu vitabaki salama. Solusheni mbili, viraka vingi, tyubu mpya mbili. Tairi nene ni bora kuliko tairi nyepesi, hata kama ni nzito kusukuma.

Mzigo na mwendo

Mizigo isigawanywe nusu kwa nusu. Igawanywe mpaka mwendo ulingane. Sisi mume wangu anabeba hema, sufuria na karibu maji yote. Mimi nguo, chakula kikavu na dawa. Nikichoka zaidi tunahamisha kitu, si tunamsubiri mtu. Mwenye pumzi fupi aende mbele kwenye miinuko na tambarare, ili mwendo uwe wake. Upepo ukiwa wa mbele, mwenye nguvu apite mbele na kumkinga mwenzake, naye wa nyuma akae mita moja na nusu nyuma ya gurudumu, bila kutazama simu.

Kuondoka ni saa kumi na moja na nusu alfajiri, taa zikiwaka. Kufikia saa nne na nusu muwe mmemaliza sehemu kubwa ya siku. Kivuli hadi saa tisa. Saa kumi na moja jioni muwe mmeshajua pa kulala, kwa sababu giza letu linaanguka mara moja na barabara hizi usiku ni za mabasi na malori.

Wakati mzuri ni Juni na Julai: mvua zimeisha tangu Aprili, mavuno yameingia, usiku ni wa baridi ya kujifunika, na upepo haujafikia ukali wake. Oktoba na Novemba Mtera ni tanuri. Desemba hadi Aprili makorongo yanaweza kujaa ghafla hata mvua ikiwa imenyesha mbali.

Kwa hiyo

Safari yenu ya kwanza, wiki moja ya likizo: Dodoma hadi Babati. Mayamaya na Haneti, Chemba, Kondoa na mapumziko, Kolo na siku ya michoro, Bereko mkiwa na nguvu mpya, Babati. Lami hiyo, iliyozinduliwa rasmi Aprili 2018, bado ni nzuri na magari ni machache kuliko upande wa Manyoni.

Mkishajuana mwendo na mna wiki moja nyingine: Iringa hadi Dodoma kupitia Mtera, kwa mwelekeo huo huo, Juni.

Mkiwa na wiki mbili na nusu kamili na kila mmoja ana gia: unganisheni zote, Iringa hadi Babati, kilomita 511, upepo ukiwa upande wenu njia nzima, na Dodoma katikati kwa ajili ya kufua, kubadili tyubu na kulala kitandani kwenu au kwa ndugu.

Kurudi kutoka Babati ni kwa basi. Elewaneni bei ya baiskeli na kondakta kabla haijainuliwa kutoka chini, fungueni gurudumu la mbele na pedeli, geuzeni usukani, na mfunge fremu kwa khanga pale inapogusa chuma cha buti. Muwe stendi mapema, kwa sababu buti likishajaa magunia, baiskeli mbili zitasubiri basi la kesho.